Kimathi wa steji na Kimathi wa Nyeri: mbona kesi zao haziingiani?

Juzi nilikutana na mpwa wangu pale kwa sanamu ya Dedan Kimathi, yule kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopigana na mkoloni Mwingereza, tao Nairobi, juu ndio mahali hata mgeni wa jana hawezi kupotea, na kabla hatujamaliza kusalimiana akachomoa kitabu kwa bagi. Tamthilia ya Mzalendo Kimathi, kopi kuukuu ya kununuliwa kwa wale wauza vitabu wa inama, kona zimeliwa, mwenyewe wa zamani alipiga mistari na biro nyekundu kila mahali Kimathi anamjibu jaji. Akaniuliza hata hajapumua:

"Anko, hapa nani anadanganya? Kwa kitabu Kimathi anamwambia jaji usoni hana haki ya kumhukumu. Lakini nimesoma mahali ati kotini alijitetea, akasema alikua anaenda kujisalimisha."

Swali poa sana, na si yeye pekee linamzungusha. Kuna watu wanasoma ile tamthilia wanadhani ndio rekodi ya koti, alafu kuna wengine wakishasikia yaliyosemwa kwa kesi yenyewe kule Nyeri wanaanza kelele ati waandishi wake, Ngũgĩ na Mĩcere, walituuzia uongo. Nilimjibu vipande vipande pale juu ya kelele za mathree, sasa wacha nipange vizuri.

Tuanze na Nyeri yenyewe. Serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, kupambana na Mau Mau. Kimathi akashikwa 21 Oktoba 1956, Jumapili asubuhi, maeneo ya Ihururu, amevaa lile koti lake la ngozi ya chui, amepigwa risasi ya mguu na askari wa kikosi cha wenyeji. Yaani miaka minne na siku moja. Mwezi uliofuata, Novemba, kesi ikasikizwa hapo hapo Nyeri mbele ya Jaji Mkuu, Kenneth O'Connor, pamoja na wazee wa baraza watatu Waafrika.

Na sasa angalia shtaka. Sio uhaini, sio mauaji, sio kuongoza jeshi. Ni kupatikana na bastola na risasi bila kibali. Maze, ni kama mtu ameongoza maandamano yamefunga mji mzima alafu kanjo anamkamata ati hana leseni ya kuuza njugu. Tofauti ni kwamba hii leseni ilikua ya kifo, juu chini ya sheria za wakati huo kupatikana tu na silaha ilitosha kukupeleka kwa kitanzi, na hawakua wanacheza, Waafrika 1,090 walinyongwa katika kipindi hicho cha hali ya hatari kwa makosa tofauti tofauti.

Sasa mbona serikali ichague shtaka dogo hivyo kwa mtu mkubwa hivyo? Mimi naona ni akili tu. Ukimshtaki na vita lazima uulize vita ni ya nini, na ukiuliza vita ni ya nini utasikia mambo ya mashamba, kipande (ile pasi Mwafrika alilazimishwa kubeba), vijiji vilivyozungushiwa miiba na mitaro. Ukimshtaki na bastola, swali linabaki moja: ulikua nayo ama hukua nayo? Mlango mmoja, na ni mwembamba. Kwa hivyo Kimathi akapita kwa mlango aliopewa. Alikana shtaka, akasema alikua njiani kujisalimisha. Haikumsaidia. Akakata rufaa kwa koti ya Afrika Mashariki, ikatupwa, ikaenda mpaka London kwa baraza la malkia, ikatupwa pia, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti na kuzikwa ndani ya jela bila alama. Mukami, mkewe, alikufa Mei 2023 bila kuonyeshwa kaburi.

Kama alikua anajisalimisha kweli ama ni mtu anaokoa shingo yake, wanahistoria bado wanavutana na sitaingilia. Lakini nilimwambia mpwa wangu kitu kimoja: mtu ako na jeraha la risasi, maneno yake yanapita kwa mkalimani, anajua hukumu ni kitanzi, wewe ungetaka aseme nini?

Sasa tuje kwa steji.

Hiyo tamthilia ilitoka kwanza kwa Kiingereza mwaka wa 1976, The Trial of Dedan Kimathi, waandishi ni Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, wote wakati huo walimu Chuo Kikuu cha Nairobi. Tafsiri ya Kiswahili, hiyo Mzalendo Kimathi, ikafuata 1978. Kabla ya kuandika walifunga safari mpaka Karunaini, kwao Kimathi, wakaongea na watu waliomjua, na huko wakapata wazee ambao hawakutaka kabisa kusikia habari ya Kimathi kufa. Na kwa utangulizi wao walisema wazi kabisa, bila kuzunguka, kwamba hawajaandika marudio ya ile kesi ya mzaha ya Nyeri, wameandika kwa ubunifu nia ya wakulima na wafanyakazi wa Kenya. Shida ni utangulizi husomwa na nani? Mwanafunzi anaruka moja kwa moja kwa ukurasa wenye swali la mtihani.

Alafu kuna hii. Rekodi ya ile kesi ilipotea machoni pa watu kwa miaka mingi sana, imekuja kuchapishwa kitabu kizima 2017. Kwa hivyo ukisema walificha unawaonea. Lakini mimi sidhani wangeandika tofauti hata kama wangekua na hizo karatasi mezani. Walikua na ugomvi mwingine: miaka miwili kabla, 1974, Kenneth Watene alikua ametoa tamthilia yake kuhusu Kimathi, na Kimathi wa Watene ni mtu wa kushuku kila mtu, mkali kwa watu wake mwenyewe, msitu umemwingia kichwani. Ngũgĩ na Mĩcere walikua wanajibu hiyo picha, na picha ya zamani zaidi ya wakoloni ya Kimathi kama gaidi na mwendawazimu. Mtu akijibu matusi hapimi maneno kwa kijiko, ndio maana Kimathi wao hayumbi.

Ufunguo wa yote uko kwa jina, na hapa ndio tafsiri ya Kiswahili ilitupunja kidogo. Kwa Kiingereza hilo neno la kwenye jalada, trial, lina maana mbili kwa mpigo: kesi ya kotini, na jaribu, kama vile mtu wa kanisa akisema amepitia majaribu. Kiswahili kinataka uchague. Mtafsiri akakwepa zote mbili akaandika Mzalendo Kimathi, ambayo ni jina tamu la kubandika ukutani lakini halikuelezi unaenda kuona nini. Ningekua mimi ningeita Majaribu ya Dedan Kimathi na kila mama wa kanisa angeelewa kabla pazia halijafunguka, juu hiyo ndio mifupa ya mchezo mzima: Yesu nyikani na yule mshawishi.

Cheki venye imepangwa. Mchezo unafungua kotini, pingu, jaji anasoma shtaka la bastola, anauliza una hatia ama huna, na Kimathi ananyamaza. Kimya. Anaulizwa tena, kimya. Baadaye ndio anafungua mdomo na halijibu lile swali, anauliza lake: nyinyi mna haki gani ya kunihukumu? Anasema kuna sheria mbili, moja ya kulinda mwenye mali na ingine ya kunyamazisha maskini. Kumbuka ule mlango mwembamba wa Nyeri. Kimathi wa kweli alipita hapo. Kimathi wa steji anaukataa mlango wenyewe. Kwa hivyo hao wawili hawapingani kuhusu nini kilitokea, wa pili anajibu swali ambalo koti ya Nyeri haikuruhusu liulizwe.

Alafu anarudishwa seli, na majaribu yanaanza, manne.

Wa kwanza kuingia ni Henderson, polisi mzungu. Huyu ameundwa kutoka kwa mtu wa kweli, Ian Henderson, yule aliyeongoza msako wa Kimathi na miaka ya baadaye akaenda kusimamia usalama kule Bahrain. Stejini anaingia kama rafiki, ati tumekua wote hapa nchini, kubali tu hatia, ongea na wenzako watoke msituni, maisha yako yataokolewa. Jaribu la pili ni la watu wa benki, hao wanaongea pesa, maendeleo, viwanda, amani ndio biashara iende mbele. La tatu ndio linauma. Hapa hakuna mzungu. Anaingia mfanyabiashara Mwafrika, mwanasiasa Mwafrika na kasisi Mwafrika, na lugha yao ni ya undugu: ndugu yetu, tumeshashinda, ubaguzi wa rangi unaisha, milango imefunguka, sasa unapigania nini tena? La nne hakuna maneno mengi, Henderson anarudi na ni kichapo.

Mpwa wangu alikua amekwama hapo kwa la tatu. "Lakini Anko, 1956 hao watu walikua wapi? Nani mwanasiasa angeruhusiwa kuingia seli ya Kimathi?"

Hakuna, mami. Na waandishi wanajua hakuna. Kwa maelezo ya mwanzo wanasema wakati uliopita, uliopo na ujao uchanganyike, kusiwe na ukuta. Hao watatu hawakutoka 1956, walitoka 1976, na mtu aliyekua ameketi ukumbini mwaka huo alikua anawatambua mmoja mmoja, pengine mmoja wao ameketi mstari wa mbele na bibi yake. Uhuru ulikua na miaka kumi na tatu. Mashamba mengi yalikua yamebadilisha mwenye hati tu. Wapiganaji wa msituni walikua vibarua kwa mashamba ya watoto wa homugadi, wale Waafrika waliopigana upande wa mkoloni, na Mau Mau kama chama bado kilikua haramu kwa vitabu vya sheria za Kenya huru, marufuku iliondolewa 2003. Sasa tafakari hiyo kitu: barabara ya Hardinge ilishapewa jina la Kimathi, unatembea juu ya jina lake ukienda kunywa chai, lakini chama alichoongoza ni haramu. Kwa hivyo lile jaribu la tatu halikua makosa ya tarehe, lilikua kofi.

Kuna koti ingine ndani ya mchezo ambayo watu hupita haraka. Ni ya msituni, Nyandarua, na huko jaji ni Kimathi mwenyewe. Analetewa mateka, analetewa wasaliti, na kati ya wasaliti yuko mdogo wake wa damu. Anasita. Huruma inamshika na hiyo huruma ndio inakua upenyo ambao usaliti unapitia. Kwa mimi hii ndio sehemu bora ya uandishi wote, juu hapo tu ndio Kimathi anakua mtu. Kwingine kote anaongea kama hotuba, na hapo nakubaliana na wanaolalamika kwamba hana kidonda, hana hofu, halali akaota. Yule wa Nyeri aliyetaka kuishi hayumo kabisa, na nadhani mchezo ungembeba bila kuvunjika. Lakini nyumba haijengwi na fundi mmoja, na hao mafundi walikua na kazi yao.

Kazi gani? Fuata mkate.

Fikiria tu, mchezo una jina la Kimathi lakini, ukiacha zile za msituni, Kimathi amefungwa pingu mwanzo mpaka mwisho, hawezi kufanya kitu, anaweza kukataa tu. Anayetembeza hadithi ni mama fulani, hana jina, anaitwa Mwanamke basi, na amebeba mkate. Anapita kwa vizuizi vya wanajeshi akijifanya mama wa kijijini asiyejua lolote, na ndani ya mkate mna bastola ya kumtolea Kimathi. Njiani anapata kijana anamfukuza msichana, wanapigania pesa, vijana wa mtaa wa kuokota okota, unawajua, nenda tu pale Globe, tao, jioni. Nao hawana majina: Mvulana, Msichana. Anamkemea kijana, anamwambia huyo unayemfukuza si adui yako, alafu anamkabidhi mkate apeleke bila kumwambia una nini. Kijana anakuja kugundua baadaye amebeba nini mikononi.

Sasa unganisha. Kotini shtaka ni bastola. Nje ya koti bastola ingine inatembea ndani ya chakula, inatoka mkono wa mama inaenda mkono wa kijana. Serikali imeshika silaha moja inadhani imemaliza. Na kuhusu huyo Mwanamke, hapo ubunifu haukuenda mbali na ukweli, juu vita ya msitu ilisimama kwa mgongo wa wanawake waliopitisha chakula, dawa, habari na risasi, na wengine waliingia msituni wenyewe kama Muthoni wa Kirima, aliyefikia cheo cha field marshal na kukaa na rasta zake za msituni karibu miaka sabini.

Mwisho hukumu inatolewa, Kimathi anyongwe, Mwanamke ameshikwa, na wale vijana wawili wanasimama mle kotini na silaha. Mlio wa risasi. Giza. Alafu steji inafurika umati wa wakulima na wafanyakazi wanaimba. Mtu akikuuliza mbona hawamuonyeshi Kimathi akinyongwa, mrudishe kwa wale wazee wa Karunaini.

Na kitu kingine, ukumbi wenyewe ulikua sehemu ya mchezo. Kenya National Theatre ilifunguliwa 1952, mwaka uleule wa hali ya hatari, na 1976 bado waliokua wanaamua nani apande pale wengi walikua wageni, wanapenda vichekesho vya kwao na balei ya kutoka Ufaransa. Tamthilia ya Kimathi ilikua inaenda kuwakilisha Kenya kwenye FESTAC, lile tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, kule Lagos 1977, pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, lakini kupata tarehe kwenye ukumbi wa taifa ilikua vita, wakapewa siku chache tu mwezi wa Oktoba. Watu wakajaa. Ngũgĩ alisimulia baadaye venye wimbo wa mwisho ulikataa kuisha, watazamaji wakaungana na waigizaji, wakatoka mlangoni wakicheza mpaka barabarani kuelekea upande wa hoteli ya Norfolk, na polisi wakawazuia.

Kama hujui hiyo barabara, ni Harry Thuku Road. Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika karibu na hapo kudai Harry Thuku, mwanasiasa aliyekua amekamatwa na mkoloni, aachiliwe, wakapigwa risasi, serikali ikahesabu maiti 21 na wengine wakahesabu zaidi sana, na inasemekana walowezi waliokua wanakunywa kwa baraza ya Norfolk nao waliongeza risasi zao. Kwa hivyo 1976 watu wanaimba Kimathi wakielekea baraza ileile. Hakuna mwandishi angepanga hivyo, Nairobi ndio ilipanga.

Yaliyofuata yalienda mbio. Ngũgĩ akahamia Kigĩkũyũ, 1977 akafanya na watu wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mchezo wa Ngaahika Ndeenda pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, serikali ikausimamisha, na 31 Desemba mwaka huo akachukuliwa, akawekwa kizuizini bila kesi yoyote, Kamiti, jela ileile. Kimathi angalau alisomewa shtaka. Mĩcere naye akakimbilia uhamishoni 1982. Ameaga Juni 2023, Ngũgĩ akamfuata Mei 2025, wote mbali na nyumbani.

Nilimaliza kumweleza mpwa wangu hayo yote na jamaa wa kupiga picha alikua ameshatuzunguka mara tatu, madam, moja tu, nakutolea saa hii. Akakubali. Akaenda akasimama chini ya sanamu, kitabu mkononi, akainua macho kuangalia ile shaba: Kimathi na rasta, bunduki ndefu mkono wa kulia, kisu mkono wa kushoto. Iliwekwa hapo 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili baada ya kitanzi. Jamaa anahesabu moja, mbili, yeye bado ameangalia juu.

"Madam, angalia huku."

"Ngoja," akasema. Alafu akanigeukia. "Anko. Si alishikwa na bastola?"